Chumba Ulichokodi

Ghorofa ya pili, mlango wa nyuma,
Juu ya duka la fundi saa.
Jumatano, tarehe 12, mchana.

Mpendwa mdogo wangu Kesho,

Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na watoto je, yule wa mwisho ameshaachwa na kile kikohozi? Sisi huku wazima, ila ni uzima wa kusukuma siku. Mgongo unauma na mikono imechubuka kwa sabuni, lakini nakula na nalala, kwa hiyo mbele ya Mungu sina cha kulalamika. Mbele yako ninacho, subiri kidogo.

Nimekaa juu ya paa, kwenye ndoo niliyoipindua, mashuka ya wageni yananing'inia kila upande. Leo nimefua ya vyumba tisa. Ulipoondoka nilikuwa dobi wa majirani, nikijua hadi shati la nani lina kifungo kilicholegea. Sasa katika jengo hili tumebaki watatu: fundi saa, shangazi na mimi. Wengine mwenye nyumba amewaondoa mmoja mmoja, akapaka rangi, akaweka vitasa vya namba, na vyumba akawa anavikodisha kwa wasafiri, kwa siku. Na anayewafulia hao wasafiri ni mimi. Sijitoi, mkono wangu umo.

Picha uliyonitumia ya chumba ulichokodi mtandaoni nimeiona. Ningekupigia simu, lakini nakujua, kwenye simu ungenichekesha nikasahau hasira. Ndiyo maana nampa barua binti wa fundi saa, anakuja huko keshokutwa.

Sasa kaa chini. Chumba ulichokodi ni cha shangazi.

Sisemi kilikuwa chake. Yumo ndani. Hivi ninavyoandika naisikia cherehani yake. Wewe ulimwacha bado yuko kwenye kile chumba kikubwa cha chini, hiki cha juu hujawahi kukiona, na mtandaoni hawataji jengo, kwa hilo sikulaumu. Lakini Kesho, umesifu shuka la kitandani, ukaandika kwamba limedariziwa kwa mkono. Hukumwona yule ndege wa kona, mwenye miguu mitatu? Si ndiye tuliyekuwa tukimcheka tukiwa wadogo, shangazi akatuambia mguu wa tatu ni wa akiba? Umelala chini ya ndege huyo miaka saba, tangu siku shangazi alipotuchukua baada ya mama kufariki. Nilipomwona nilishindwa hata kutukana.

Utauliza picha ilipatikanaje. Msimamizi wa mwenye nyumba alikuja na mtu mwenye kamera, akasema wanakagua kuta. Shangazi akafurahi, miaka mitatu anaomba ule ufa wa ukutani uzibwe. Na unamjua, mtu akibisha hodi kwake lazima akute pamependeza. Akafagia, akaisukuma cherehani nyuma ya mlango, akatandika shuka la sandukuni, akaweka maua kwenye bilauri. Halafu akawapikia chai! Walipiga picha wakanywa chai wakaenda zao. Ufa uko vilevile, nyuma ya maua.

Jumatatu iliyopita akaletewa notisi. Mwisho wa mwezi awe ameondoka, kwa sababu wamepatikana wageni wa siku ishirini. Wageni wenyewe ndio nyinyi, wewe na rafiki zako.

Aende wapi? Mtaa mzima hakuna tena chumba cha kupanga kwa mwezi, vyote ni vya siku. Kwangu atakuja, tutabanana kitandani, lakini cherehani na meza ya kukatia haviingii, nimepima kwa kamba mara mbili. Na akihamia mbali, nani huko atampelekea suruali kupunguzwa? Wateja wake wote ni wa hapa, wanamwita kutoka chini naye anawadondoshea ufunguo ndani ya soksi. Umri ule hauanzi upya.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku hizi mgeni akija mwenyeji anafunga virago. Si kwamba wageni ni watu wabaya. Wengi wana adabu, wananiachia hata karatasi ya shukrani juu ya mto. Lakini kila mmoja anaoga mara tatu, tangi la paani linaisha kabla ya adhuhuri, na mimi napandisha maji kwa ndoo ili nifue taulo walizojifutia mara moja tu. Magurudumu ya mabegi yao yanaguruma ngazini tangu alfajiri. Mwuza mkate wa pale kona ameondoka, pamekuwa duka la kofia. Mwezi jana mmoja alinipiga picha nikianika, vibanio vimejaa mdomoni, akaniashiria nitabasamu. Nitabasamu na nini, baba?

Nimechoka, mdogo wangu. Zamani nikichoka nilikuwa nachoka mwili tu.

Basi ninachoomba ni hiki. Futa hicho chumba huko mtandaoni, wiki hii. Fundi saa alimdodosa msimamizi, naye akasema bila wageni wa kuanzia mwenye nyumba hana haraka, anaweza kumwacha bibi hadi mwakani. Mwakani si milele, najua. Lakini mwaka mmoja kwa shangazi ni kitu kikubwa, na huenda tukapata mahali karibu tukiwa na muda wa kutafuta.

Sikukatazi kuja. Thubutu! Miaka kumi na moja umesema kesho, ndilo jina tulilokupa na umelitendea haki. Njoo na hao rafiki zako. Nyuma ya kituo cha basi kuna nyumba ya wageni ya yule mjane. Ile ilijengwa iwe ya wageni tangu msingi, hakuna aliyetolewa ili nyinyi muingie. Kitanda kinalia kidogo, hamtakufa. Ogeni kwa ndoo moja, taulo moja iwatoshe wiki, na mkitaka kumpiga mtu picha mwombeni kwanza, akikataa mwacheni. Wewe mwenyewe utalala kwangu, chini, kwenye godoro. Maana kuna jambo nilikuwa sitaki kukuandikia, lakini mkono umeshafika.

Shangazi hajui kwamba mgeni ni wewe. Picha sijamwonyesha. Tangu apate notisi anashona pazia jipya la kile chumba, kitambaa alichokuwa amejiwekea cha gauni. Nilimwambia, shangazi, una wazimu, unamshonea mtu anayekufukuza? Akanijibu kwamba pazia la zamani limetoboka na dirisha linatazama jua, mgeni wa watu asije akaamka na jua machoni, akasema wenye chumba hiki hawakulelewa.

Limebaki pindo tu. Niambie nimwambie ni la nani.

Msalimie sana wifi yangu na watoto. Wasalimie na rafiki zako, hawana kosa, walikuamini wewe. Fundi saa anakusalimu, anasema saa yako ya mkono bado iko kwake, imepona tangu mwaka ule. Shangazi naye anakubusu pande zote mbili. Anadhani nakuandikia habari za mgongo wangu.

Mungu akulinde, akufikishe salama kwa watu wako, na akukute umeshafuta.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo nilivyokukasirikia,

Dobi