Kaka, Lile Halikuwa Jipu

Kwa kaka yangu mkubwa Musyoka, uliyeko Kitui,

Baada ya salamu na heshima unayostahili, madhumuni ya barua hii ni kukuomba utoe damu ipimwe. Naiandika wazi, yeyote aisome, kwa sababu zile tatu nilizozitia katika bahasha hukuzijibu.

Unakumbuka tulivyomuuguza mama katika chumba chetu cha Kabiria, hapa Nairobi. Ulirudi kutoka kazi ya bustani kwa matajiri wa Lavington, mikono ikinuka nyasi, ukamwinua kwa upole ambao sijauona tena kwa mwanamume, nami nikamnywesha uji. Saratani ya titi ilimchukua kama ilivyomchukua nyanya mzaa mama, ambaye pia aliitwa Syombua. Baada ya matanga ulitoa hukumu: ugonjwa unafuata jina, asiitwe tena mtoto Syombua. Niliposema tumuulize daktari, ulicheka mbele ya wazee: "Wewe andikia watu barua huko River Road. Mambo ya damu tuachie wakubwa."

Tulikutii. Binti yangu nilimwita Mwende. Dada yetu Kalondu, kwa kuwa hakuwa na jina hilo, alijiona salama, akakaa na uvimbe mwaka mzima bila kumwonyesha mtu. Tumemzika, nawe hukuja.

Mwende ndiye aliyenipeleka mjini kwa mshauri wa magonjwa ya kurithi. Mshauri huyo alichora ukoo wetu kwenye karatasi, akatueleza kwamba kasoro hii hupitia hata kwa wanaume, nao pia huugua. "Mzee, tuanze na aliyeugua na bado yuko hai," alisema. "Damu ya binti yako peke yake, hata ikionekana safi, haitatuambia mengi, maana hatujui kasoro ipi ya kutafuta."

Nikajibu kwa uhakika wa mjinga: "Wote tumeshawazika."

Jioni hiyo nilimpigia mkeo simu kumweleza. Akasema, "Shemeji, lile halikuwa jipu. Walimkata kaka yako titi. Aliniambia nikitamka, ataondoka asirudi."

Jipu la kifuani, kaka! Ulituonyesha bandeji, tukakutania, "Mzee mzima analizwa na jipu!" Ukacheka pamoja nasi. Kalondu ndiye aliyecheka zaidi, naye alikuwa bado mzima. Neno lako moja siku ile lingempeleka hospitali mapema.

Siombi radhi kwa kuyasema haya hadharani. Uliona haya kuugua ugonjwa unaoitwa wa wanawake, na wanawake wetu ndio wanaokufa. Mwende ana miaka ishirini na sita, na kila akioga hujipapasa kwa hofu. Binti zako wawili hawajui hata kwamba wana la kuogopa.

Mshauri amekubali kukuona siku yoyote utakayofika Nairobi, nami nitakulaki nikusindikize hadi mlangoni pake. Hutaulizwa na mtu wa ukoo ulikokuwa.

Naomba uamue. Utatoa damu, au hutatoa? Nijibu kwa neno moja.

Ni mimi, nduguyo mdogo,
Mutua