Nchi Tatu Chumbani kwa Linusi

Temeke, Jumatano. Mawingu tangu asubuhi, mvua hainyeshi wala jua halitoki, na kichwa kinaniwanga kwa hasira.

Nimechoka. Na si kwa kazi.

Mdogo wangu Linusi, kibarua wa kupakua mizigo kule Kurasini, leo siku ya tatu yuko kitandani na hii homa ya mafua inayozunguka dunia nzima. Amelala chumba cha mbele. Chumba cha nyuma ni cha mke wangu Mariana na binti yetu Tereza, ambaye hata miezi miwili hajatimiza. Vyumba viwili vya kupanga, ndio uwezo wa karani. Mganga wa zahanati alituambia neno moja tu: mtoto asikaribiane na wenye homa.

Basi jana jioni wakaja kumtazama mgonjwa. Nani hakuja! Majirani, vibarua wenzake, hata watu wa kwaya. Wote chumba kimoja, na dirisha limefungwa, eti upepo utamdhuru mgonjwa.

Na mazungumzo yao sasa: nchi gani imeiweza homa hii. Bwana Sefu, aliyewahi kuwa baharia, akaapa kwamba Bombay meli yenye mgonjwa inazuiwa mbali na gati, hashuki hata paka. Daudi, karani mwenzangu, mtu wa magazeti, akasema Uingereza shule zinafungwa na mwenye mafua anakaa kwake. Mwenye nyumba wetu, Mzee Mwinyi, hakukubali kwao Unguja kushindwe. Unguja, alisema, abiria anapimwa joto kabla hajakanyaga nchi kavu. Wakabishana weee! Mwisho wakapatana kwamba hapa kwetu serikali imelala, watu wanaachwa wachanganyike ovyo.

Wachanganyike ovyo! Na wanne kati yao wamekalia kitanda cha mgonjwa!

Tereza akalia kidogo huko nyuma. "Hebu mleteni mgeni wetu tumwone," akasema Mzee Mwinyi. Mariana alinikazia macho. Mie, mwanamume mzima, nikaenda mwenyewe kumchukua mtoto. Mzee Mwinyi akampakata, akampa Sefu, Sefu akampa Daudi, kila mmoja anambusu na kumwombea umri mrefu. Sefu alikuwa ametoka kupenga kamasi sasa hivi, kwa mkono uleule.

Kwa nini sikukataa?

Nakiri hapa, maana hapa hakuna wa kunicheka. Niliogopa kuambiwa nina maringo. Niliogopa mtaa useme yule Mngoni kashika kalamu ya Mzungu, sasa anafukuza watu mlangoni. Kwetu mgonjwa asiyetazamwa anaonekana hana watu, na sikutaka Linusi aonekane hana watu.

Leo nimerudi kazini nikakuta chumba cha nyuma kitupu. Mariana kamchukua mtoto, kaenda kwa dada yake Kinondoni. Ujumbe kamwachia jirani, Mama Hadija: "Mwambie Baba Tereza mtoto hana homa mpaka sasa. Asije. Hata Jumapili asije. Akija hafunguliwi."

Nilipandwa na hasira, wacha! Mie nifungiwe mlango na shemeji yangu? Nikavaa kofia, nikatoka mbio mbio mpaka njia panda. Mtoto wangu yuko kwa watu, huenda homa imeshamwingia, mie baba yake nisiende kumtazama? Watanionaje?

Hapo ndipo niliposimama. Tangu jana jioni nawalaani wale watu, na hakuna hata mmoja aliyekuja kwa ubaya. Walimpenda Linusi, wakaja. Na mie nilikuwa njiani kufanya jambo lilelile, kwa mtoto wangu mwenyewe, na pumzi zote hizi nilizovuta chumbani kwa mgonjwa.

Nikarudi. Nimefungua dirisha, nimemnywesha Linusi uji. Ameuliza mtoto yuko wapi, nimemwongeza uji.

Jumapili siendi. Naiandika hapa ili siku hiyo, nikishavaa viatu, nije nisome: siendi, kwa sababu nampenda.