Mtaa wa Kahawa ya Senti Tano

Germantown, Maryland
Jumapili jioni

Mama Naomi, mke wangu,

Nakusalimu kwa upendo wote nilio nao, na kabla sijasema langu nataka nijue lenu. Mguu wa mama mkwe umepungua kuvimba? Naomi ameacha kukohoa? Na wewe mwenyewe, mgongo unaendeleaje baada ya kuvuna tangawizi? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, na baridi imeanza kulegea. Kwa upande wa afya sina la kulalamika.

Nimeamua kukuandikia kwenye karatasi na kumpa mwenzetu wa kanisani anayesafiri kuja Same, kwa sababu kwenye simu nimeshindwa. Kila nikitaka kuanza, ama mtandao unakatika, ama Naomi anakunyang'anya simu anionyeshe jino lililong'oka, nami namwachia. Juzi uliniuliza mbona sivai tena ile kofia nyeupe ya karatasi uliyoiona kwenye picha. Nikakujibu nimehamishiwa kufua. Ni kweli, lakini sikukwambia kilichonihamisha.

Unajua nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Gaithersburg, wale waliopatwa na ugonjwa wa kusahau. Mtu ana miaka tisini, anauliza mama yake atakuja saa ngapi kumchukua. Sasa wenye nyumba walisikia kwamba wazee wa namna hiyo hutulia wakiona vitu vya ujana wao. Basi wakachukua ukumbi mzima wa ghorofa ya chini wakaujenga uwe mtaa wa zamani, wa miaka ile wazee wetu walipokuwa vijana. Kuna taa za barabarani, kinyozi na kiti chake cha ngozi, na sinema ndogo yenye viti vyekundu. Kuna televisheni ya mbao inayoonyesha vichekesho visivyo na rangi, na redio kubwa kama kabati inayosoma habari za wakati ule: rais aliyekwisha kufa anahutubia, vita vya nchi ya mbali vimesimama, watoto wa shule wanafundishwa kujificha chini ya madawati bomu likija. Habari ni zilezile kila siku, na kila siku wazee wanashtuka upya.

Katikati kuna mgahawa, na hapo ndipo nilipopangiwa mimi. Nilivalishwa shati jeupe, tai ya kipepeo na ile kofia. Nyuma yangu kulikuwa na ubao wenye bei za chaki. Kahawa senti tano. Sandwichi senti kumi na tano. Tiketi ya sinema hivyo hivyo, senti za kuhesabu kwenye kiganja. Wazee waliisoma ile bei wakaridhika. Mimi nikitoka pale nakwenda dukani kununua mayai nasimama mbele ya rafu nikifikiri kama nachagua dhahabu, na kwa bei ya kikombe kimoja cha kahawa hapa nje wewe ungenunua kilo ya nyama. Wote walikuwa wakiniambia, kijana, maisha yalikuwa mazuri wakati ule. Nami niliwaamini. Nilikuwa najiambia, kumbe nimefika Marekani nimechelewa.

Kulikuwa na mzee mmoja Mzungu, Bwana Walter, aliyewahi kuwa fundi wa reli. Huyo ndiye niliyekuwa namwogesha kila asubuhi. Ni mpole, mke wangu. Ukimpaka mafuta mgongoni anakushukuru kama umempa shamba. Alikuwa akinishika mkono tunashuka pamoja mtaani, ananiagiza kahawa, analipa kwa sarafu za bandia tunazowapa.

Halafu akaletwa Bibi Lorraine. Yeye ni Mmarekani mweusi, mama mrefu, msafi, hatoki chumbani bila mkoba na glavu. Maisha yake yote aliyaishi Washington, akifundisha shule. Binti yake, Denise, ambaye naye ni mtu mzima aliyekwisha kustaafu, ndiye aliyemleta.

Siku ya kwanza niliyomwona mtaani alikuja mpaka mwisho wa kaunta yangu, akafungua mkoba, akasimama. Viti vilikuwa vitupu. Nikamkaribisha akae. Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyesema jambo la hatari mbele ya wageni, akasema kwa sauti ya chini nimfungie sandwichi kwenye mfuko, atakula nje. Nikafikiri hapendi kelele za redio. Nikamfungia. Kesho yake ikawa vilevile. Kwenye sinema aliniuliza ngazi za kwenda juu ziko wapi, na nilipomwambia hakuna juu, viti vyote ni hivi, aligeuka akarudi chumbani kwake.

Sikuelewa. Habari za ubaguzi wa wakati ule, watu weusi kukatazwa kukaa mgahawani na Wazungu na kupandishwa viti vya juu kwenye sinema, shuleni kwetu tulizisoma mistari michache, tukajibu mtihani, zikaisha. Niliona tu bibi wa watu anakula sandwichi amesimama karibu na mapipa ya taka nje ya jikoni, na moyo wangu ulikataa. Nikaanza kumbembeleza kidogo kidogo. Leo anaegemea kiti, kesho anaweka mkoba juu ya kaunta. Siku moja nikatoka nyuma ya kaunta, nikakaa mimi kwanza, nikamwambia, "Mama, kaa na mimi. Peke yangu naona haya."

Akakaa. Alivua glavu, akazilaza mapajani, akanywa kahawa kwenye kikombe cha kauri. Kisha akaanza kunisimulia mumewe alivyokuwa akicheza dansi, na majirani walivyojaa sebuleni mwao kusikiliza mapambano ya ngumi redioni. Alicheka, mke wangu. Sikuwahi kumwona akicheka.

Hapo ndipo Bwana Walter alipoingia. Akasimama, akatutazama, akanijia taratibu. Hakuwa na hasira. Aliniambia kama mtu anayekujulisha kwamba kamba ya kiatu imefunguka.

"Kijana, huyu hakai hapa. Unalijua hilo."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia, safari hii sauti ikipanda, na akaniambia na mimi nishuke kwenye kile kiti nirudi kuosha vyombo. Meneja wetu, Bi Susan, alikuwa karibu na kinyozi. Akaja mbio. Kanuni ya kwanza tuliyofundishwa pale ni kwamba mzee hakanushwi. Akisema jua ni mwezi, unasema ndiyo, maana ukimbishia anafadhaika. Bi Susan akanivuta kando, akaniomba nimpeleke Bibi Lorraine bustanini kidogo, mpaka Walter atulie.

Nikamuuliza mbona tusimpeleke Walter.

"Walter ataleta fujo," akasema. "Huyu ni mtulivu. Hatasumbua."

Nimeligeuza neno hilo kichwani nikiwa kwenye basi, nikiwa kitandani, hata kanisani. Yule asiyesumbua ndiye anayetolewa.

Nikamwambia sitamtoa. Lakini tulipogeuka, Bibi Lorraine alikuwa amekwisha kusimama. Glavu amevaa, mkoba uko mkononi. Mwanamke aliyefundisha watoto wa watu miaka yake yote aliinamisha kichwa mbele ya Bwana Walter, akasema, "Samahani, bwana. Sikuona kibao."

Kibao hakikuwepo. Mtaa wote ule hauna kibao cha kusema Wazungu tu, walikuwa waangalifu wasikiweke. Yeye alikiona.

Nikasimama mbele ya Walter. Nikamwambia mama huyu anakunywa kahawa yake, na yeye akitaka kukaa, viti vipo. Sikupiga kelele. Lakini nilimkanusha mzee, tena mbele ya watu. Walter akaanza kulia na kupiga kaunta kwa ngumi, kahawa ikamwagika, wazee wengine wakaanza kupiga mayowe bila kujua kwa nini. Bibi Lorraine akatoka peke yake kwa mlango wa jikoni. Nilimkuta nje, kwenye mapipa, amesimama wima akiomba nimwitie teksi ya watu weusi ampeleke nyumbani.

Kesho yake nikapewa onyo la maandishi kwamba nimemsababishia mkazi msongo, na nikateremshwa kwenye chumba cha kufulia, chini ya ardhi. Bi Susan alisema hana chuki nami. Nadhani ni kweli hana.

Denise alipopata habari alikuja, na akataka na mimi niitwe. Alitembea mtaa mzima polepole. Akasoma bei za chaki. Akasikiliza redio mpaka habari zikazunguka na kuanza tena. Bi Susan alimfuata nyuma akimweleza jinsi mtaa huu ulivyowasaidia wengi, na kwamba anasikitika kama mama yake alijisikia vibaya.

Denise alikuwa anatazama kile kiti. Akasema, "Mama yangu amesahau jina langu. Amesahau harusi yake. Nilikuwa namshukuru Mungu kwamba angalau na haya amesahau. Nyinyi mmemrudishia."

Wiki ileile akamchukua mama yake.

Unajua wenye nyumba walifanya nini baada ya hapo? Wakaandika kibao kizuri cha rangi, wakakitundika juu ya mlango wa mgahawa: Wote Mnakaribishwa. Kwa hiyo sasa mtaa umekamilika. Kahawa bado ni senti tano, rais bado anahutubia, na miaka ile kila mtu alikuwa akikaribishwa. Wageni wanaoleta wazazi wao wanapiga picha chini yake.

Kuhusu Bwana Walter, alikataa kuogeshwa na mtu mwingine. Basi kila asubuhi napandishwa kutoka chumba cha kufulia, namwogesha, halafu narudishwa chini. Anafurahi kuniona. Ananishika mkono kama zamani, ananiuliza familia yangu iko wapi, nami namjibu. Yeye hakumbuki lolote. Mimi namsugua mgongo huku nakumbuka yote, na maji lazima yawe ya uvuguvugu, na sauti lazima iwe ya upole, maana ndiyo kazi. Wenzangu wananiambia nimsamehe, ni ugonjwa. Nimesamehe ugonjwa. Lakini ugonjwa haukumfundisha maneno yale. Alikuwa nayo.

Leo baada ya ibada nilikwenda Greenbelt, Denise alinialika chakula. Bibi Lorraine hakunitambua, ila alinisalimu vizuri na kuniuliza kama mimi ni wa kanisa lao. Denise alikuwa ameandaa meza, kitambaa kizuri, kuku, mboga, mkate wa mahindi. Tukakaa. Bibi hakukaa. Alichukua sahani yake akaenda kusimama karibu na sinki la jikoni, nyumbani kwa binti yake mwenyewe, akaanza kula akitazama mlango.

Denise aliniambia ndivyo ilivyo tangu alipomtoa pale. Amembembeleza, amemwimbia, amebadilisha meza. Hakai. Aliponiambia hayo hakulia. Alibeba sahani yake akaenda kusimama kushoto kwa mama yake. Nami nikainuka na yangu, nikasimama upande wa pili. Tukala hivyo watatu, tumeegemea sinki, mpaka chakula kikaisha. Bibi akanipangusa makombo shatini akasema nina adabu.

Mke wangu, karatasi zenu za kuja huku nazifuatilia, sijaziacha. Lakini sitakutumia tena picha za kuchekesha. Nilitaka ujue unakuja wapi. Watoto wa Wakongo ninaopanga kwao nawasalimu Kiswahili wananijibu Kiingereza, na ninajua Naomi naye atakuwa hivyo. Hilo nimelikubali. Mengine bado najiuliza, na nataka na wewe ujiulize huko, tuzungumze.

Mpe mama mkwe salamu zangu na umwambie dawa ya mguu nimempa huyu anayeleta barua. Msalimie shemeji Sefania, na kaka yangu mkubwa, na mama mchungaji aliyewaombea wakati wa kikohozi. Jirani yetu anayewachungia mbuzi mwambie sijamsahau. Naomi mbusu pale penye pengo.

Ni mimi mumeo, ninayekukumbuka hata kwenye mvuke wa mashine za kufulia,

Elinami, Baba Naomi