Nilivyombeba Jaji Mgongoni

Swahiba, weka chini kila kitu usome. Nilikuwepo mwenyewe, na humu sijatia chumvi hata punje.

Sherehe ya kumuaga jaji imechelewa saa nzima kwa sababu jaji mwenyewe hajafika. Halafu, jaji alipoingia tu na kuketi, karani mkuu anasimama bila haya: "Miaka thelathini ya utumishi, Mheshimiwa hakuwahi kuchelewa!" Hakuwahi kuchelewa! Na watu wazima na akili zao wanapiga makofi!

Nikasema kama ni uongo, basi waupate kwa fundi. Nikadaka maikrofoni: "Mwaka wa mafuriko, mimi niliyekuwa tarishi wake nilimbeba mgongoni mpaka mahakamani!"

Ukumbi wote ukasimama kunishangilia.

Jaji akavaa miwani. "Mzee, mwaka ule si ulikuwa likizo ya ugonjwa?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Ulikuwa unaumwa nini?"

Swahiba, wewe unajua nilisema naumwa nini.

"Mgongo, Mheshimiwa."

Wakaangua kicheko, mke wangu akiwa wa kwanza.

"Naona umepona," akasema jaji. "Basi viti vyote hivi utavirudisha stoo wewe."

Nakuandikia nimekalia cha tisini. Vimebaki sitini. Na mgongo, wallahi, leo unauma kweli.