Nyumba za Mama Kim-hua

Keelung, mwezi wa saba, siku ya nane

Kwako dada yangu Hsueh-o,

Goti lako lasemaje na baridi ya huko mlimani? Sisi huku ni wazima, ila mvua haijatuachia hata nafasi ya kuanika kitambaa. Ningekupigia simu, lakini hapo hekaluni hamruhusiwi, basi pokea mwandiko wangu mbaya.

Dada, Mama Kim-hua tulimzika mwezi uliopita. Ndiye wa kwanza niliyemwingiza kwenye biashara ya unga wa uyoga. Kampuni hutufundisha maneno mengi ya kuwafanya wauzaji wasituache; yeye hakujua hata moja. Kila alasiri alibeba supu yake ya tangawizi akapita nyumba kwa nyumba: mtoto kapona? Mume kaacha karata? Wauzaji waliokuwa chini yangu walibaki kwa ajili yake. Alipokufa wakaanza kuondoka.

Unajua kawaida ya mkutano wangu. Kabla ya habari ya mauzo naita kila mmoja kwa jina kamili, anaitika “Nipo,” anatua mzigo wa moyo wake. Juzi ulimi ukateleza. Nikaita, “Yang Kim-hua!” Mlango wazi, na mwezi wenyewe ndio huu ambao wafu, tunaowaita ndugu wema, hutoka makaburini.

Bi Pao-yun, muuzaji wangu aliyekuja kunirudishia makasha yake ya unga ili aache biashara, akanikemea: “We Yu-chen, una wazimu? Marehemu anaitwa hivyo mwezi huu? Uyoga wako haukunipunguza mwili, sasa wataka unipunguze miaka!”

Kesho yake akarudi, uso mweupe kama tofu. “Nipe makasha yangu. Jana alikuja.”

“Nani?”

“Unamjua. Alisimama mlangoni na mwavuli. Akauliza mguu wa mwanangu, akaniambia, ‘Vumilia kidogo, shoga.’ Mtu kama yule nimwambieje sitaki?”

Na wengine wamesema vivyo hivyo. Hakuna anayeondoka tena. Nafurahi, dada, na mwili unanisisimka. Je, ni dhambi?

Mdogo wako,
Yu-chen


Puli, siku ya kumi na tatu

Mdogo wangu,

Barua imefika, nashukuru mnapumua. Goti langu ni la kizee, liache. Nimekuombea kwa Guanyin, mungu wa huruma, asubuhi hii, halafu nikakaa nikiosha mchicha huku moyo haumo jikoni.

Kuteleza ulimi si dhambi. Lakini nenda kwa binti wa Mama Kim-hua ukamuulize jambo moja: mama yake anakula? Usinijibu kwa kubahatisha, nenda. Maana mwezi huu marehemu hutoka ili arudi kwao, ashibe mezani pake, kisha aende zake. Siku ya mwisho ya mwezi milango ya kuzimu hufungwa. Asiyerudi kwa wakati, hakuna wa kumfungulia.

Kama umemwita, wewe ndiwe wa kumwachia. Mwite mbele ya watu wako, umwambie kazi imekwisha.

Na nina neno, usinikasirikie. Umeita mara moja tu?

Dada yako,
Hsueh-o


Keelung, siku ya ishirini na nne

Dada mpenzi,

Salamu zako zimenifikia, na swali lako limenifikia zaidi. Nimechelewa kujibu kwa aibu.

Nilikwenda. Siu-ti, binti yake, alikuwa amepanga meza: bata, wali, na tambi alizozipenda mama yake. Ubani ulipokaribia kwisha, akarusha vile vibao viwili vya kuulizia. “Mama, umeshiba?” Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, ndiyo. Vyote vikaanguka kifudifudi. Akangoja, akarusha tena. Hapana. Akapasha tambi moto upya, akauliza tena. Hapana.

“Tangu siku ya sita ni hivi,” akaniambia. “Shangazi Yu-chen, mama kanikasirikia? Nilimkosea nini?”

Dada, nilikuwa najua alipo mama yake, na sikufungua kinywa. Nikala tambi zake, nikaaga.

Nami swali lako bado sijalijibu: hapana, si mara moja. Mkutano uliofuata niliita kwa kusudi, na uliofuata pia. Usiniite mchawi. Bi Pao-yun ameleta shemeji zake, nao wameleta wenzao. Kwa miaka yote niliyohangaika, sijawahi kuona watu wakiaminiana hivi. Na wote wanasema yule mama mwenye mwavuli ana roho nzuri, hata wale ambao hawakumjua akiwa hai.

Lakini kesho ndio mkutano wa mwisho kabla milango haijafungwa. Nitamwachia. Wakiniacha wote, basi waniache. Nakuahidi kwa jina la Mazu, mungu wetu wa bahari.

Mdogo wako mwenye makosa,
Yu-chen


Puli, mwezi wa nane, siku ya sita

Yu-chen,

U mzima? Sijapata barua, nikajiambia: katimiza ahadi, anaona haya tu kwamba wamemwacha. Nilikuwa hata nimekutengea mahali pa kulala hapa kwangu, upumzike.

Leo alasiri, milango ya kuzimu ikiwa imeshafungwa siku kadhaa, nilikuwa peke yangu jikoni. Huku kwetu hakujanyesha siku nyingi. Vumbi limejaa ngazini. Mwanamke akasimama mlangoni na mwavuli unaochuruzika maji. Akanisalimu kwa jina langu. Akauliza goti langu linaendeleaje. Akasema mdogo wangu ananipenda sana, na kama nina shida ya fedha za dawa, kuna unga mzuri wa uyoga.

Ameisha, Yu-chen. Mashavu yameingia ndani, shingo kama kijiti. Nilipakua wali nikamwekea. Nikamwambia, “Mama, kaa kwanza ule.”

Aliutazama ule wali kama mtoto anavyotazama. Mkono ukainuka, ukashuka.

“Nitakula nikimaliza,” akasema. “Bado nina nyumba za kupitia.”

“Zimebaki ngapi?”

Akafikiri. Akatabasamu, lile tabasamu mnalolipenda.

“Kila mkutano zinaongezeka.”

Dada yako,
Hsueh-o