Plâtre ya Sifa imekuwa kiota cha kuku

Hapa Baraka, Alhamisi jioni. Kiangazi kimeingia kabisa. Vumbi la njia ya Lubondja bado liko masikioni mwangu. Nimenawa mara mbili na maji bado yanatoka mekundu. Nimechoka hoi. Ningeweza kulala na viatu, lakini nikilala bila kuandika haya, kesho nitaanza kuyapamba.

Leo nimekwenda kumchukua binti yangu kwa nyanya yake, nikamkuta bila plâtre, ile bandeji ngumu ya jasi.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: Sifa ana miaka miwili na nusu, na uti wa mgongo wake umepinda. Niliona siku moja nikimwogesha kwenye beseni. Aliinama kushika sabuni, upande mmoja wa mbavu ukanyanyuka, mwingine ukabaki chini. Nikamgeuza, nikamgeuza tena. Nikajiambia ni namna alivyokaa tu. Wiki nzima nilijiambia hivyo.

Muganga wa mifupa wa hospitali ya Uvira hakunitisha. Alinieleza pole pole, na mimi mwalimu nikakaa mbele yake mikono magotini. Mgongo wa mtoto mdogo bado ni laini na unakua haraka, alisema. Kukua huko huko kunakoweza kuupinda zaidi ndiko wanakokutumia kuunyoosha. Wanamlaza mtoto kwa dawa ya usingizi, wanamvuta taratibu, wanamzungushia plâtre kutoka kifuani mpaka kiunoni, na mbele wanaacha dirisha ili tumbo lipate nafasi akila na kupumua. Baada ya miezi kama mitatu mtoto amekua, ile imeanza kumbana, wanaikata na kuweka nyingine. Halafu nyingine tena. Jambo moja alilirudia mpaka nikaona aibu: isitolewe katikati. Mtoto akikua bila kushikiliwa, mgongo unaweza kurudia njia yake ya zamani, na umri huu haurudi.

Hii ilikuwa plâtre ya tatu. Picha ya mwisho ya mifupa ilikuwa imeanza kupendeza. Siku ile nililia mbele ya muganga, akaniletea kiti.

Sasa kosa langu.

Nilidanganya. Watu wetu nawajua, na mimi ni mmoja wao. Ukiwaambia mgongo wa mtoto umepinda wenyewe tu, hawalikubali hilo "wenyewe tu". Watatafuta mwenye kosa, na hawatatembea mbali kumpata: ni mama. Alikula nini akiwa na mimba, kwao, kwenye ukoo, kuna nini, alimfungaje mtoto kwenye kitenge. Hili la kitenge lilinisumbua hata mimi. Nilimbeba Sifa mgongoni kila siku, fundo upande ule ule, nikienda kwa kazi, nikirudi, nikipika. Muganga alisema kubeba hakupindi mgongo wa mtoto. Lakini kuna asubuhi nyingine nimeamka simwamini.

Basi nikasema ameanguka, ubavu umevunjika. Ilikuwa rahisi ajabu. Plâtre ya pili ilipokuja nikasema ameanguka tena. Majirani wa hapa Baraka wanamjua Sifa kuwa ni mtoto wa kuanguka-anguka, na mimi kuwa ni mama asiyeangalia mtoto, nami niliona heri hivyo. Baba yake yuko machimboni upande wa Misisi. Nilimwambia kwa simu asiseme kitu kwao, akakubali. Akiwa mbali huwa anakubali kila kitu.

Kisha mitihani ya mwisho wa mwaka ikafika. Nilipangwa kusimamia, halafu kusahihisha. Mdogo wangu, ambaye ndiye huwa anabaki na Sifa, alikuwa amekwenda Swima kujifungua. Hakubaki mtu ila mama mkwe wangu wa Lubondja, yule yule niliyekuwa nimemkwepa miezi yote kwa visingizio vya kazi na vya njia. Nikampelekea mtoto. Nikamwambia: "Mama, alianguka wiki iliyopita. Ubavu moja ilivunjika. Hii plâtre musiiloweshe na maji."

Na mama mkwe wangu ni muunga mifupa.

Si mtu wa ramli, hapana. Ni mtu wa mifupa tu. Mvuvi akivunjika mkono, mtu akianguka kutoka juu ya mchikichi, wanampeleka kwake. Anapapasa, anafunga vijiti, anapaka mawese, halafu anahesabu masoko. Soko la kwao ni mara moja kwa wiki, kwa hiyo yeye kalenda yake ni hiyo. Hajui kusoma, na sijasikia mtu aliyetoka kwake na mkono uliopinda. Mtu mwenye ujuzi huo ndiye niliyempa mtoto pamoja na hadithi ya ubavu uliovunjika. Alipoiona plâtre alicheka hata: kwa ubavu moja tu, baganga ba Uvira wanafunga mwili yote? Nikacheka naye.

Mtoto alikaa huko wiki saba. Kila nilipopata réseau, mtandao wa simu, nilipiga, na kila mara jibu lilikuwa: "Mutoto iko muzuri, anakimbia." Anakimbia! Sifa na plâtre yake hutembea kwa kuyumba, hakimbii hata kidogo. Ningelisikiliza vizuri neno hilo ningeshtuka. Lakini mbele yangu kulikuwa na rundo la makaratasi ya jiografia, nikasema Mungu asifiwe, nikaendelea kuweka alama.

Leo nimeshuka kwenye moto, pikipiki ya kukodi, pale uani, na Sifa akanijia mbio. Mbio kweli, na gauni jepesi linapepea. Nikamnyanyua, mikono yangu ikazama kwenye mwili laini.

Niungame kitu hapa. Kabla ya hasira, kabla ya hofu, nilifurahi. Miezi zaidi ya sita nimekuwa nikikumbatia ukuta. Leo nimekumbatia mtoto, ngozi yake ina joto na inanukia mawese, akacheka kwa sababu vidole vyangu vilimtekenya mbavu. Nikafumba macho, nikabaki hivyo. Kisha vidole vikashuka mgongoni, vikafika pale, na pale bado pamepinda. Labda zaidi kidogo. Sijui, vidole vyangu si picha ya hospitali.

Nikauliza plâtre iko wapi.

Mama mkwe alinionyesha kwa kidevu. Nyuma ya jiko, kivulini, ile plâtre imelazwa chali, imejazwa majani makavu, na kuku mwekundu amekaa ndani analalia mayai. Kichwa amekitoa kwenye dirisha la tumbo. Alinitazama kwa jicho moja, mkali kabisa, eti mimi ndiye nimemvamia.

Sijui nilipiga kelele kiasi gani. Najua tu kwamba Sifa aliacha kucheka na jirani akachungulia.

Mama mkwe hakupandisha sauti. "Mama Sifa, mi nilihesabu masoko sita toka ile wiki ulisema alianguka. Ubavu ya mutoto haipite masoko sita. Na mule ndani mulikuwa munanuka. Samaki ya ndagala ilianguka mule wakati anakula, sisimizi wakaifuata. Mutoto analia, anajikuna, hawezi kujifikia. Nikaloweka na maji ya moto, nikakata na kisu ya samaki, pole pole, toka asubuhi mupaka saa sita. Sikumukwaruza."

Ni kweli, hakumkwaruza. Nilimvua gauni nikatafuta, sikuona hata alama. Nilichoona ni vipele vya sisimizi vilivyokwisha kukauka.

"Kisha nikapapasa zile mbavu," akaendelea, "moja moja, zote. Hakuna yenye ilivunjika. Hata moja! Nikashuka ku mugongo." Hapo akajifuta mikono kwenye kitenge ingawa haikuwa na maji. "Juu ya nini ulinificha?"

Nikamwambia yote, nimesimama vile vile na vumbi langu. Muganga, picha, plâtre tatu, majirani, mume wangu. Nikamwambia mpaka habari ya kitenge, jambo ambalo sijawahi kulisema kwa sauti. Hapo tu ndipo alipocheka.

"Kitenge? Basi batoto bote ba huku Fizi bangepinda! Hata we, hata mi!"

Sikujua kwamba nilikuwa nangoja mtu anicheke hivyo. Nikakaa chini kabisa, kwenye mchanga, mbele ya kuku.

Kicheko kilipoisha akasema neno ambalo nimelibeba njia nzima: "Ungeniambia ni mugongo, nisingegusa. Mugongo haiko kazi yangu. We ulinipa uongo, na mi niliitumikia muzuri."

Nikainuka, nikamvalisha Sifa gauni lake.

Tulipanda kilimani penye réseau, nikapiga simu Uvira. Muuguzi aliniuliza imetoka lini. Nikasema wiki mbili hivi. Akasema tusingoje siku yetu, tumlete mara moja, watampiga picha na muganga ataamua. Nikamuuliza kama tumepoteza tulichokuwa tumepata. Akasema hawezi kuniambia kwa simu. Sauti yake ilikuwa ya upole mno, na upole ule haukunipa raha.

Mama mkwe alikuwa amesikia. Akauliza: "Masoko ngapi imebaki?"

Nikamwambia si masoko, Mama, ni miaka. Plâtre nyingine, labda kadhaa. Baadaye corset ya plastiki, ya kuvaa na kuvua. Halafu kuangaliwa na kuangaliwa, mpaka amalize kukua. Tuliporudi uani alimtazama Sifa aliyekuwa amechuchumaa anamsemesha kuku. Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amefunga mzigo wake, na kisu cha samaki akakiacha kwa jirani. Tumekuja Baraka wanne kwenye moto moja: dereva, mimi, Sifa katikati, na mama mkwe nyuma akilaumu kila shimo.

Sasa wako uani. Nawasikia kutoka hapa nilipokaa. Anamwogesha mjukuu wake kwenye lile lile beseni, maji mengi, mwili mzima, maana ikiwekwa plâtre nyingine ataoshwa kwa kitambaa chenye unyevu tu tena kwa miezi. Sifa anapiga maji kwa viganja na kuuliza kuku iko wapi. Ndani ya miezi yote hii sikuwahi kusikia maji yakimwagika hivyo nyumbani kwangu. Natamani wasimalize, na natamani iwe alfajiri tayari tuondoke. Yote mawili kwa pamoja, na mwili hauna nguvu ya kutamani hata moja.

Nimewaambia majirani wawili ukweli, mmoja mmoja, mlangoni. Wa kwanza alisema pole. Wa pili aliuliza kwetu kuna nini. Nimelijibu hilo pia, kwa kifupi, na sikufa.

Muda si mrefu uliopita mama mkwe alipitisha kichwa hapa mlangoni, mikono ina povu. "Muganga akiuliza nani alitoa, usihangaike," akaniambia. "Nitasema ni mi. Mikono ilikuwa yangu." Akarudi kwa beseni lake, ameshamaliza kesi.

Atasema kweli, namjua. Atasimama mbele ya muganga yule na kitenge chake cha kanisani, aseme ni yeye, aangaliwe na wauguzi kwa jicho lile wanalowaangalia bibi wa vijijini, na avumilie.

Gari la Uvira linaondoka asubuhi na mapema. Kabla mama mkwe hajafungua mdomo kule, nataka niwe nimekwisha kujibu. Nimelijaribu jibu hapa peke yangu, kwa sauti ndogo, ili wasinisikie uani: ni mimi. Mara ya kwanza halikutoka vizuri. Nimelirudia.