Aliyejibu Nyuma ya Pazia

Nizwa, 14 Aprili 1999

Kwa shangazi Kaltham,

Nakushika miguu. Natumai barua hii itakukuta mzima, na magoti yako yametulia sasa kwa kuwa baridi imekwisha. Mimi ni mzima wa mwili. Nakula kidogo, na ninachokula hakikai.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kukisoma, na kwa sababu kaka yangu Nasr hukisema tu, hajui kukisoma. Simu ya nyumbani iko majlis, chumba cha wageni wa kiume, na yeye ndiye anayeipokea. Kwa hiyo barua zangu atazileta Sheha, rafiki yangu wa chuoni anayekaa Sur, kila akipita Ibra.

Najua mnaulizana kwa nini niliondoka asubuhi ya pili baada ya milka, yaani kufungwa kwa ndoa, bila ya kumuaga mtu, nikarudi kwenye kazi yangu ya ualimu. Nitakwambia, ingawa unajua. Niliondoka kwa kinyaa.

Tulikuwa chumbani, wewe na mimi, pazia limeshushwa mlangoni. Hina yangu haijakauka. Nje ya pazia wamesimama mashahidi wawili, mzee Marzouq jirani yetu, na ami yake Firas. Mzee Marzouq akauliza kama nimeridhia niozeshwe kwa Firas na Nasr awe walii wangu. Nilinyamaza. Ninajua kuwa ukimya wa mwari huhesabiwa ridhaa, lakini wallahi sikunyamaza kwa kuridhia. Nilihofu kuwa nikifumbua mdomo nitatapika. Mzee Marzouq, sijui kwa uzito wa masikio yake au kwa uadilifu wake, akasema haondoki pale mpaka asikie. Hapo wewe uliyenilea tangu mama alipofariki ukaufunika mkono wangu kwa kiganja chako, ukailainisha sauti yako ya miaka sitini ikawa ya msichana, ukasema kwa Kiarabu, "Naam, nimeridhia."

Vigelegele vikapigwa. Wanawake wakaingia na sinia ya halua, wakanilisha kwa vidole vyao. Samli ile ilibaki mdomoni mwangu mpaka Nizwa. Nimepiga mswaki nikatoka damu na bado ninaihisi.

Karamu ya kunipeleka kwa Firas ni tarehe 12 Agosti. Kabla ya siku hiyo, mwambie Nasr kuwa aliyejibu ni wewe. Sikuombi jambo jingine.

Binti wa kaka yako,
Yaqeen


Ibra, 2 Mei 1999

Mwanangu Yaqeen,

Salamu zangu zikufikie na dua juu yake. Miye sijambo, magoti ndiyo yale yale, hayana baridi wala joto. Tende zimeanza kushika vizuri mwaka huu. Wewe kula, hata mkate na chai.

Barua yako nimeisoma mara tatu, kisha nikaificha ndani ya gunia la mchele. Umejiandika "binti wa kaka yako" kama karani anayeandikia ofisi. Zamani ukiandika "mwanao".

Kwani unadhani nimezua jambo? Mimi nilipoozwa Unguja, nina miaka kumi na sita, alijibu somo yangu. Mama yangu alijibiwa na bibi yake. Mwari hasemi. Akisema, watu wanamwita mwenye macho makavu, na aibu inabaki kwa aliyemlea. Mzee yule alipong'ang'ania kusikia nilikuonea huruma. Nilisema nikutoe mbele yake.

Firas ana kazi wizarani, hanywi, ana uso wa kucheka. Nasr anauliza unachomkatalia. Anasema msichana asiye na sababu ana mtu. Nikamwambia huna mtu, unakaa na mwalimu mwenzako, Wadha, binti mtulivu, mnapika pamoja na Ijumaa mnafua pamoja. Nasr akarudi majlis. Na mimi nilipokwisha kuyasema maneno yale ndipo nilipoyasikia.

Rudi, mwanangu. Mambo mengine huingia akilini baadaye.

Shangazi yako,
Kaltham


Nizwa, 20 Mei 1999

Kwa shangazi Kaltham,

Nakushika miguu. Nashukuru mko wazima. Kwangu afya ni hivyo hivyo.

Hukumwambia Nasr. Basi nimekwenda kwa wakili.

Ofisi yake ina zulia jekundu na udi unaofukizwa saa nne za asubuhi. Ada aliyoitaja ni mishahara yangu ya miezi mitano, lakini si hiyo iliyoniudhi. Nilimweleza kuwa si mimi niliyejibu, akasema hilo tuliweke kando kwanza. Anataka kujua kwa nini simtaki mume. Ana ugonjwa? Hana. Kuna mwanamume mwingine? Hakuna. Akaegemea kiti, akanitazama toka ushungi mpaka viatu, akatabasamu kama mtu aliyekiona alichokuwa akikitafuta. Akasema amekwisha kuwaona wasichana wa namna yangu, walimu hasa, wanaokaa wawili wawili, na dawa yetu ni ndoa. Ila ada inaweza kupungua, akasema, nikirudi baada ya Alasiri, peke yangu, tuongee kwa utulivu.

Nilitoka nikasimama kwenye ukuta wa soko, upande wa wauza mbuzi. Harufu ya mbuzi ilikuwa safi kuliko ile ofisi.

Sasa nikwambie wewe, maana sitaki uyapate kwa tabasamu la mtu kama yule. Si Firas. Simtaki mwanamume yeyote na sikuwahi kumtaka. Wadha ndiye niliyempa moyo wangu, mwaka wa tatu huu. Neno hili likifika mahakamani mimi na yeye tutafungwa, na Nasr atakwenda kutupeleka kwa gari lake. Kwa hiyo siwezi kusema kwa nini, na kila ninayemwendea anauliza kwa nini kabla hajanisaidia. Wanaume wameketi mlangoni pa sheria wakinusa, shangazi. Nami nimejinusa, nikatafuta uchafu wanaousema. Nilichokiona ni siku ile nilipokaa nyuma ya pazia nikaacha usemwe uwongo kwa jina langu.

Ichome barua hii.

Binti wa kaka yako,
Yaqeen


Sur, 19 Juni 1999

Kwa shangazi Kaltham,

Nakushika miguu. Mwezi umepita bila ya jibu lako. Sheha anasema alikukabidhi barua mkononi na ukaitia kifuani, kwa hiyo sidhani kuwa imepotea. Naomba u mzima.

Shule zimefungwa, nipo kwa Sheha. Kila Alhamisi baada ya Alasiri wanakuja kwake wanawake watano kushona kofia. Majirani wanajua ni kikundi cha kushona, na ni kweli wanashona, kofia zao zinauzwa mpaka Mudhaibi. Lakini wote ni kama mimi. Mmoja ni mke wa mtu mwenye wana wanne. Mmoja alikwisha kutoka katika ndoa kwa mahakama. Siku ya kwanza nilipewa sindano na kofia ya kitoto, nikatoboa matundu yaliyopinda, na yule mwenye wana wanne akaniambia kuwa kofia ile itamfaa mbuzi. Nilicheka, shangazi. Nilikuwa nimesahau kuwa kichefuchefu kina pa kwenda.

Wanajua mambo ambayo hayakuandikwa popote: ofisi usiyoingia peke yako, karani asiyefungua mdomo nje. Ndio walionipeleka Mudhaibi kwa bwana Musallam, aliyekuwa karani wa mahakama na sasa anawaandikia watu mashtaka katika chumba nyuma ya duka la mbegu. Bei yake ni ile ile anayomtoza mkulima. Nilianza kujieleza, akainua kalamu kunizuia. "Binti, kwa nini humtaki si kazi yangu," akasema. "Niambie nani alijibu." Nikatamani kumbusu mkono.

Nilipomweleza, aliweka kalamu chini, akasema kama shangazi yangu angekaa kimya nisingekuwa na kesi, kwa kuwa ukimya wangu ungehesabiwa ridhaa na hapana ambaye angeweza kuuvunja. Uliposema wewe, ukaniachia mlango. Lakini mlango huo una ufunguo mmoja, nao ni wewe mwenyewe usimame mbele ya kadhi useme ile sauti ni yako. Barua haitoshi.

Kesi itasikilizwa Ibra, Jumamosi tarehe 17 Julai, saa tatu asubuhi.

Binti wa kaka yako,
Yaqeen


Ibra, 3 Julai 1999

Mwanangu Yaqeen,

Salamu. Naandika kwa haraka, mke wa Nasr yuko uani anaanika nguo.

Hati ya mahakama imeletwa. Nasr ameisoma kwa sauti mbele ya watu wote wa nyumba, kisha akaja akakaa kitandani kwangu, akanikanda magoti kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo. Akasema, shangazi, wewe huna mtoto wala nyumba, una mimi.

Barua yako ile nimeichoma. Sikukujibu kwa sababu kila nikishika kalamu mkono unakataa. Si kwa chuki. Nina umri huu, nguo zangu zote zinaingia katika sanduku moja. Nitakwenda kukaa wapi? Nitasimamaje mbele ya wanaume niseme niliigiza sauti ya mwari?

Usinitake hilo. Nitakuombea.

Shangazi yako,
Kaltham


Sur, 7 Julai 1999

Bi Kaltham,

Nimekupata.

Naye alikukanda magoti, na wewe ukamwachia. Nilipolisoma hilo nilikwenda uani. Usiniombee. Dua yako itapita kwenye mdomo ule ule.

Yaqeen


Sur, 24 Julai 1999

Mwanangu Yaqeen,

Salamu za mtu asiyejua kama zitapokewa. Niko mzima. Tazama nilikoandika, utajua nipo wapi.

Bwana Musallam ametukataza tusionane wala tusizungumze mpaka hukumu isomwe, watu wasije wakasema nimefunzwa maneno. Ndiyo maana siku ya kesi Wadha alikuchukua moja kwa moja mpaka Nizwa na mimi nikatolewa kwa mlango mwingine. Sasa nimekwisha kushuhudia, na barua hii Sheha hataileta mpaka kadhi awe ameshaisoma hukumu. Walikuweka katika chumba cha wanawake na ile feni yake inayolia, hukusikia kitu. Basi nakuhadithia. Uliponiandikia kuwa dua yangu itapita kwenye mdomo ule ule, niliona hapana budi mdomo huo uende mahakamani.

Kadhi ni kijana, ndevu hazina mvi. Mashahidi wakasema walisikia sauti ya msichana ikiridhia. Nikaulizwa nimekuja na nini. Nikasema sauti ile ni yangu. Nasr akacheka, akasema shangazi yangu amezeeka, Kiarabu chake ni cha kuokoteza, hajui anachokisema. Kadhi akamgeukia mzee Marzouq. Mzee akasema, "Mtoeni, mfunge mlango, aseme."

Wakanitoa. Nikasimama ukumbini, watu wanapita na mafaili yao. Nikailainisha sauti kama siku ile. Nikasema naam, nimeridhia. Mwanangu, neno lilinijaa mdomoni kama nywele. Hapo ndipo nilipojua samli uliyoniandikia. Waliponirudisha ndani mzee Marzouq ameinama, fimbo imemwanguka. "Ndiye," akasema. "Na halua yake nilikula."

Kadhi akauliza kwa nini nilimjibia. Nikamwambia kwa sababu na mimi nilijibiwa, na nilidhani ndivyo mtu anavyopendwa. Kisha akauliza lile uliloliogopa: binti hamtaki mume huyu kwa nini? Nasr akainua kichwa. Nikasema, "Sheikh, siku ile hakuna aliyemuuliza hilo. Ndiyo maana tupo hapa." Kadhi akaandika, hakuuliza tena.

Niliporudi nyumbani sanduku langu lilikuwa nje ya mlango, limefungwa vizuri kwa kamba. Nasr ni mtu wa nidhamu. Sheha alinikuta nimelikalia.

Nakaa chumba cha nyuma. Alhamisi nilishona nao. Wananiita mama na wanazicheka kofia zako, ni mbaya kweli. Waliniuliza habari za Unguja, nikajikuta nimelitaja jina la Badria, ambalo sijalitaja tangu nilipoozwa. Hawakuuliza zaidi, wakanipa uzi. Nami sitaandika zaidi.

Nakuuliza kitu kimoja. Unanisamehe? Usininyamazie. Ukimya wako sitauhesabu tena kuwa ni jibu la aina yoyote. Andika mwenyewe, ndiyo au hapana.

Shangazi yako,
Kaltham


Nizwa, 1 Agosti 1999

Shangazi,

Nakushika miguu. Sheha ameniletea barua yako jioni, baada ya hukumu.

Kadhi amebatilisha ile milka. Karatasi ina muhuri wa buluu na mstari mmoja unaonihusu, kwamba haikuthibiti kuwa niliulizwa nikajibu. Nje, Nasr aliniambia kuwa hana dada, na Firas, maskini, akaniamkia kwa adabu kama mgeni. Nilidhani nitafurahi. Nilinawa mikono kwenye bomba la uani pa mahakama mara nne, na ile harufu ya samli haikutoka. Wadha alinishikia mkoba, hakuniharakisha.

Umeuliza, nakujibu. Hapana. Bado. Sauti ile ikinijia, nakwenda kusukutua. Ningeweza kukuandikia ndiyo kwa heshima, lakini tumekwisha kudanganyana kwa heshima miaka mingi.

Lakini uliuliza, ukangoja. Mimi sijawahi kungojewa.

Alhamisi tutakuja Sur, mimi na Wadha. Usinikumbatie mlangoni. Tuwekee sindano mbili, na ile kofia ya mbuzi usiifumue, nitaimaliza mwenyewe.

Mwanao,
Yaqeen